Barua kwa Mwanangu: Cheti cha Babu Kibatini

Njoro, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema mwenzako katika kamati ya kuchagua vijana wa mafunzo kazini ameshikilia kwamba wote wafanye mahojiano mamoja na atakayeshinda achukuliwe; kuwatengea nafasi vijana wa Turkana na Mandera, kule kaskazini, kwake ni dhuluma. Ukaniuliza: haki ni kuwapa watu nafasi sawa, au ni kuhakikisha wanafika sawa?

Kile kibati cha biskuti kilicho juu ya kabati unakikumbuka. Ndani mna cheti cha hisa cha babu yako. Karatasi imegeuka rangi ya chai, na chini kuna alama ya dole gumba, kwa sababu hakujua kuandika jina lake. Baada ya uhuru, walowezi walipokuwa wakiuza mashamba huku Nakuru, watu walijiunga katika kampuni za kununua ardhi. Babu na jirani yake walikuwa wakichuma pareto safu moja, mshahara mmoja, posho ya unga ileile. Hisa ziliuzwa kwa wote kwa bei moja. Ila mwaka ule babu alikuwa na fahali wa kuuza, na jirani alikuwa amemaliza mifugo yake akimtibu mkewe. Babu akanunua hisa, akapata ekari zake. Jirani akabaki kuomba pa kujenga.

Hiyo, mwanangu, ilikuwa nafasi sawa. Hakuna aliyefukuzwa mezani.

Sasa zifuate zile ekari. Zilitoa mahindi, mahindi yakalipa karo, karo ikanifikisha chuo cha ualimu, na mshahara wangu, mdogo hivyo hivyo, ukakuweka kwenye nyumba yenye umeme. Wewe na mjukuu wa yule jirani mlianza darasa la kwanza siku moja. Nilimfundisha hesabu mwenyewe, na nakwambia kweli, alikuwa akikushinda. Karo ikamkwamisha kidato cha pili. Leo ukishuka steji hapa Njoro utamkuta juu ya bodaboda. Nyinyi wawili mlipewa dawati moja, lakini matokeo ya babu zenu yalikuwa yameingia darasani kabla yenu. Ndiyo maana siwezi kuyatenga mambo hayo mawili, nafasi sawa na kufika sawa. Alichokosa mzazi, mtoto ataanza bila kuwa nacho.

Nchi nayo ilifanya vivyo hivyo. Waraka wa Bunge Nambari 10 wa mwaka 1965, uliobeba sera ya uchumi ya serikali, ulisema fedha za maendeleo zielekezwe kwenye ardhi nzuri na mvua, ambako zitazaa haraka, kisha faida isambae. Sisi tulikuwa upande wa mvua. Kaskazini wakasubiri. Katiba ya 2010, kifungu cha 204, ikaunda Hazina ya Usawazishaji: nusu asilimia ya mapato yanayokusanywa na serikali ya kitaifa kila mwaka, kwa miaka 20, iende kwenye maji, barabara, afya na umeme wa maeneo yaliyoachwa nyuma, mpaka huduma zao zifikie kiwango cha kwingine. Hapo kipimo ni maji yenyewe kufika kijijini.

Sitaki kila mtu alipwe sawa. Miaka yangu yote darasani sikumpa mtoto alama asiyoipata, na daktari aliyepitishwa kwa huruma asiniguse. Lakini nikiletewa aliyepata B akisomea koroboi, shule haina mwalimu wa fizikia, na aliyepata B+ akiwa na mwalimu wa ziada kila jioni, namchukua wa koroboi. Huyo ameshanionyesha nguvu zake.

Kwa hiyo zitengeni hizo nafasi. Wekeni kiwango ambacho kila mmoja lazima akifikie, asiyekifikia arudi nyumbani hata awe anatoka wapi. Waliokifikia, angalieni walikotoka. Na mwenzako mwulize taratibu, bila ugomvi, karo yake ililipwa na nani.

Dada mdogo wa yule kijana wa bodaboda yuko kidato cha tatu. Jana alikuja na fomu ya basari, tukaijaza kwenye meza uliyokuwa ukifanyia kazi zako za shule. Imebaki sahihi ya chifu. Basari haitatosha karo ya muhula ujao. Nusu ya pengo nimeiweka kando. Hiyo nyingine naomba itoke kwako kabla shule hazijafunguliwa.

Baba yako