Je, chanjo ya surua inaweza kusubiri mpaka mtoto apate nguvu?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mwanangu wa kwanza ana miezi minane na nusu. Alipochanjwa akiwa na wiki 14 alilia usiku kucha, akapata homa, na paja likavimba kwa siku tatu. Kadi ya kliniki inaonyesha kwamba akitimiza miezi 9 anatakiwa kupata chanjo ya surua. Mume wangu anasema tusubiri afike miaka miwili ili apate nguvu, kwa sababu mtoto wa jirani alishikwa na degedege wiki moja baada ya chanjo hiyo. Mama mkwe naye amempata mtu anayeuza dawa ya kutoa sumu ya chanjo mwilini. Je, kusubiri kuna ubaya? Na dawa hiyo ni salama? (Mama wa mtoto mmoja, Korogwe)

JIBU: Marahaba, mama. Dawa hiyo usimpe mtoto, hata kijiko kimoja, na sababu nitaieleza baadaye. Nianze na neno la mumeo, kwa kuwa hilo ndilo ninalolisikia karibu kila siku ya kliniki, kutoka kwa wazazi wanaowapenda watoto wao na ambao hawana ugomvi wowote na chanjo: «apate nguvu kwanza».

Neno hilo linaichukulia chanjo kama ndoo ya maji, ambayo mtoto mdogo hawezi kuibeba mpaka akue. Lakini mwanao, tangu saa aliyozaliwa, amekuwa akipokea vijidudu vya kila namna kwenye ngozi, mdomoni na tumboni, na sasa anapotambaa mkekani na kutia mdomoni kila anachookota, mwili wake unakutana na vitu vingi kupita vilivyomo katika kile kichupa. Dozi ya surua ni nusu mililita, yaani matone machache, yenye kirusi kilichodhoofishwa. Nguvu anayoihitaji dhidi ya surua ni mwili wake kukifahamu kirusi hicho kabla hawajakutana, na nguvu hiyo haiji kwa uji wa lishe wala kwa kuongezeka kilo. Nimewapokea wodini watoto wanene, wenye mashavu ya kupendeza, waliokuwa wakipumua kwa taabu kwa nimonia iliyoletwa na surua, na mama zao wakiniambia kwamba mtoto hajawahi kuumwa hata siku moja.

Umri wa miezi 9 nao haukuchaguliwa kwa kubahatisha. Mtoto huzaliwa na kinga aliyorithi kwa mama yake kupitia kondo la nyuma, na kinga hiyo hupungua mwezi baada ya mwezi. Akichanjwa mapema mno, kinga ya mama hukiua kirusi cha chanjo kabla mwili wa mtoto haujajifunza chochote. Akicheleweshwa, kinga ya mama imekwisha na yake mwenyewe haijaanza. Kwa hiyo kusubiri mpaka miaka miwili ni kumwacha zaidi ya mwaka mzima bila kinga yoyote, na tena katika umri ambao surua huua na kulemaza kwa urahisi zaidi. Kirusi hiki hubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka chumbani. Watu kumi wasio na kinga wakikaa karibu na mgonjwa, tisa kati yao wataambukizwa, na haitasaidia kwamba mwanao hakumgusa mtu katika daladala au kwenye shughuli ya arusi.

Kuhusu homa ya wiki 14, nadhani hapo ndipo hofu yenu ilipoanzia, na sishangai. Kukesha na mtoto wa kwanza anayelia huku paja limekuwa gumu na la moto si jambo dogo, na ingefaa mtu wa kliniki awe amekuambia mapema kwamba huenda likatokea. Miongoni mwa chanjo alizopata siku hiyo kuna ile inayokinga magonjwa matano kwa pamoja, kikiwemo kifaduro. Sehemu ya kifaduro hutengenezwa kwa bakteria waliouawa, na hiyo ndiyo huwapa watoto wengi homa na uvimbe katika siku mbili za kwanza. Chanjo ya surua ni kitu kingine kabisa. Imetengenezwa kwa namna nyingine, huchomwa mkononi chini ya ngozi wala si pajani, na ikileta homa, homa hiyo huja kati ya siku ya 7 na ya 12, wakati mwingine pamoja na vipele vichache. Yaliyompata wiki ya 14 hayatabiri yatakayompata miezi 9.

Sasa yule mtoto wa jirani. Sitasema kwamba jirani amezusha, kwa sababu wiki moja ndiyo siku hasa ambazo homa ya chanjo ya surua hutokea, na kuna watoto ambao homa yoyote, iwe ya chanjo au ya mafua, huwatia degedege. Kwa chanjo hii hutokea takriban kwa mtoto mmoja kati ya 3,000 hadi 4,000. Inatisha mno kuitazama, lakini degedege ya homa ya namna hiyo hupita na kwa kawaida haiachi kilema. Upande wa pili, surua yenyewe husababisha uvimbe wa ubongo kwa takriban mtoto mmoja kati ya 1,000 wanaoiugua, na baadhi ya hao hubaki na ulemavu au hufa. Mwanao akipata homa siku hizo, mnyonyeshe mara kwa mara, mvue nguo nzito, na umpe parasetamoli ya maji kwa kipimo cha uzito wake. Degedege ikitokea, mlaze kwa ubavu, usimtie kitu mdomoni, usimfukize kwa kinyesi cha tembo wala kwa kitu kingine, kisha mpeleke kituo cha afya mara moja. Hapo Korogwe homa ya siku ya nane inaweza pia kuwa malaria, ambayo haitangoji mtu amalize kubishana kuhusu chanjo.

Napenda mumeo asome habari ya Samoa, kwa sababu ni habari ya wazazi waliokuwa na sababu ya kweli ya kuogopa. Samoa ni nchi ya visiwa katika bahari ya Pasifiki, yenye watu wapatao laki mbili. Julai 2018 watoto wawili walikufa huko muda mfupi baada ya kuchanjwa. Chanjo ya surua huja ikiwa unga mkavu, nayo huchanganywa na maji yake maalumu. Wauguzi waliochanja siku hiyo walichanganya unga huo na dawa ya kulegeza misuli inayotumika kwenye upasuaji. Wauguzi hao walishtakiwa na kufungwa. Chanjo yenyewe haikuwa na kosa, lakini serikali ilisimamisha uchanjaji kwa miezi kadhaa, na uliporudi, wazazi wengi walikuwa bado wanasubiri. Mwishoni mwa 2019 surua iliingia. Waliougua walizidi 5,700, na waliokufa walikuwa 83, wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano. Mwezi Desemba serikali ilifunga shughuli za nchi kwa siku mbili na kuwaagiza wenye nyumba ambamo kuna mtu asiyechanjwa watundike kitambaa chekundu nje, ili timu za chanjo zipite mlango kwa mlango. Na katikati ya msiba huo alikuwepo mganga aliyekuwa akiwanyunyizia watoto wenye surua maji yaliyopitishwa kwenye mashine, akidai yanatibu, na kupokea malipo.

Kutokana na kisa hicho, mama, kuna haki moja ambayo ningependa uitumie. Siku ya chanjo mwombe muuguzi akuonyeshe kichupa na maji ya kuchanganyia kabla ya kuchanganya. Juu ya kichupa kuna alama ndogo ya duara lenye mraba ndani yake. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo haijaharibiwa na joto. Muuguzi mwema hatakasirika kuulizwa. Nakiri pia kwamba sisi wenyewe tumewafukuza wazazi wengi kuliko waliofukuzwa na uvumi. Kichupa cha surua kwa kawaida kina dozi kumi, na kikishachanganywa lazima kitumike ndani ya saa sita, kwa hiyo vituo vingine husubiri watoto watimie idadi. Katika kituo kimoja nilichofanya kazi nilimwona mama aliyetembea tangu alfajiri akiambiwa arudi Alhamisi kwa sababu walikuwa watoto watatu tu, na alipouliza sababu akajibiwa kwa ukali mbele za watu. Hakurudi Alhamisi. Taratibu inaelekeza kwamba hata kwa mtoto mmoja kichupa kifunguliwe, kwa kuwa dozi tisa zikimwagwa si hasara kubwa kuliko mtoto mmoja kukosa kinga. Wewe ukiambiwa hivyo, omba kuonana na msimamizi.

Mkimaliza ya miezi 9, msisahau ya miezi 18. Wazazi wengi huiona kama nyongeza isiyo na ulazima, hali kati ya watoto 100 wanaochanjwa wakiwa na miezi 9, wapatao 15 hawajengi kinga, na hakuna anayeweza kuwatambua kwa kuwatazama. Dozi ya pili ni kwa ajili yao.

Narudi kwenye dawa ya kutoa sumu. Anayeiuza hawezi kukueleza sumu hiyo inaitwa nani, iko wapi mwilini wala inatoka kwa njia gani, na wala hakuna cha kutoa, kwa sababu miezi mitano baada ya sindano kilichobaki mwilini mwa mwanao ni kumbukumbu ya kinga. Kumbukumbu hiyo haifutiki kwa mizizi. Kinachotoka ni maji ya mtoto, kwa kuwa nyingi ya dawa hizo nilizokutana nazo ni za kuharisha, na muuzaji huuonyesha uharo wa kijani kuwa ndiyo sumu inayotoka. Nimempokea mtoto wa miezi mitano aliyenyweshwa dawa hiyo siku mbili mfululizo: utosi umebonyea, macho yameingia ndani, analia bila chozi, na ngozi ya tumbo ukiibana kwa vidole inabaki imesimama. Tulihangaika muda mrefu kuupata mshipa wa kumwekea maji. Bibi yake alikuwa ameishika chupa tupu ndani ya kanga, akidhani tutamkemea.

Wauzaji wa namna hii ni wale wale, ila bidhaa hubadilika. Mtoto akikohoa huambiwa akatwe kimeo kwa wembe. Akiharisha na kupata homa, hung'olewa «meno ya nailoni», ambayo ni meno ya kweli yaliyokuwa bado hayajaota. Akiugua surua, mama huambiwa kwamba surua haichomwi sindano, kisha macho ya mtoto hutiwa majimaji ya majani, na wapo watu wazima leo nchini Tanzania wasioona kwa sababu hiyo. Mtoto mwenye surua anahitaji kufikishwa hospitali akapewe vitamini A, inayomlinda na upofu na kifo, pamoja na matibabu ya nimonia au kuharisha ikiwa vimeingia.

Kwa yeyote ambaye tayari amempa mtoto dawa ya namna hiyo, njoo naye leo, na uje na chupa hata ikiwa tupu. Sema ni lini alikunywa, mara ngapi, na amekojoa lini mara ya mwisho, maana hayo ndiyo maswali yetu ya kwanza. Usiache kumnyonyesha njiani.