Je, picha ya Mtakatifu Roko ilileta ugonjwa nyumbani?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Mume wangu alifariki mwaka 2021 kwa shida ya kupumua, hospitalini, akiwa kwenye oksijeni. Nyumbani tulikuwa tumetundika picha ya Mtakatifu Roko. Wifi yangu, ambaye ameokoka, anasema mtu yule mwenye kidonda pajani ndiye aliyekaribisha ugonjwa. Anataka niichome. Nifanyeje?

JIBU: Milele na milele, amina. Pole sana, mama. Usiichome.

Kutoka 20, inayokataza sanamu za kuchonga, naijua, na wifi yako anaijua. Lakini yeye amekwenda mbali zaidi: anaamini kidonda kilichochorwa huzaa kidonda cha kweli. Huo ni uganga uliovishwa kanzu. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, mwaka 1563, ulifundisha kwamba ndani ya picha hakuna nguvu ya kutegemewa. Heshima humwendea anayeonyeshwa. Sasa karatasi isiyoweza kuponya itawezaje kuloga?

Roko, kwa mapokeo, alikuwa mhujaji kutoka Montpellier, Ufaransa. Aliwauguza wenye tauni Italia mpaka naye akaugua, akajitenga porini, mbwa akawa anamletea mkate. Pichani anafunua paja ili mgonjwa aone kwamba mwombezi wake naye aliugua.

Kuna mchoro mkali kuliko huo. Kati ya 1512 na 1516 hivi, Matthias Grünewald aliwachorea watawa wa Mtakatifu Antoni huko Isenheim picha za altare. Watawa hao waliwatunza watu waliooza viungo kwa sumu ya kuvu ya nafaka. Mchoraji akamjaza Kristo msalabani vidonda mwili mzima. Wagonjwa walioletwa mbele yake walikuja na vidonda vyao tayari, wakamkuta Bwana anavyo.

Nikiri jambo moja: mfalme Hezekia alimvunja nyoka wa shaba, aliyetengenezwa na Musa kwa amri ya Mungu, kwa sababu watu walimfukizia uvumba (2 Wafalme 18:4). Mngeifanya picha hirizi, mkakataa hospitali, ningekuambia uiondoe. Ninyi mlimpeleka mumeo hospitalini.

Ila mama, wifi yako naye alifiwa na kaka yake. Inawezekana anatafuta kitu cha kulaumu, na karatasi ukutani haijibu. Usibishane naye juu ya mistari. Siku akija, mpe chai, mwombe akusimulie kaka yake alivyokuwa utotoni, kabla wewe hujamfahamu.