Dalili mbaya kwenye usaili wa kazi

Umeuliza utajuaje, ukiwa bado kwenye usaili, kwamba kazi yenyewe ina walakini. Mimi huangalia wanavyojibu kuliko wanavyouliza. Waulize tu: "Aliyekuwa kwenye nafasi hii yuko wapi sasa?" Kama kapandishwa cheo au kapata kazi kwingine, watakwambia bila kusita. Wakianza kutazamana, au bosi akaanza kumponda huyo aliyeondoka mbele yako wewe mgeni, jua na wewe siku moja utasemwa hivyohivyo. Na kama nafasi hiyohiyo inatangazwa kila baada ya miezi michache, basi hapo watu hawakai.

Mshahara nao. Si lazima wautaje dakika ya kwanza, lakini anayeukwepa mpaka mwisho, eti "tutaelewana ukishaanza", huyo hamtaelewana. Taka kila kitu kwa maandishi: mshahara, saa za kazi, muda wa majaribio. Ukisikia "sisi hapa ni familia moja", uliza saa za ziada zinalipwaje, halafu uangalie nyuso zao.

Kukuchelewesha dakika 15 si neno, watu wana shughuli zao. Ila wakikudai pesa ya fomu, ya mafunzo au ya sare ndipo wakuajiri, usijisumbue na maswali tena. Chukua vyeti vyako uondoke. Huo ni utapeli, hata kama ofisi ina zulia na kiyoyozi.