Wasomaji Wanauliza: Je, Madaktari wa Upasuaji Nao Huulizwa Maoni?

Mwezi huu nimepokea barua tatu kutoka kwa watu wasiojuana, na zote zinagusa jambo moja: madodoso wanayopelekewa madaktari wanaotibu majeruhi, yakiwauliza wanatibu vipi na wana maoni gani kuhusu tiba hizo. Nimezifupisha barua hizo na kuzipanga kwa namna ambayo jibu la kwanza litamsaidia anayesoma la pili.

*Shikamoo, Daktari. Mdogo wangu aligongwa na gari akiwa abiria wa bodaboda, akavunjika muundi hata mfupa ukatoboa ngozi. Daktari wa kwanza alituambia atawekewa chuma ndani ya mfupa. Wa pili, katika hospitali ileile, akasema vyuma vya nje ndivyo vyenye usalama zaidi. Tukiwa bado wodini nikamwona daktari kijana akiwagawia wakubwa zake karatasi zenye maswali kuhusu jambo hilohilo. Je, mabingwa hawajui jibu? Na kama hawalijui, kuulizana wao kwa wao kunamsaidia nini mgonjwa? — Msomaji, Morogoro*

Marahaba, na poleni sana kwa ajali hiyo. Ninaelewa hofu ya mtu anayesikia kauli mbili juu ya mguu mmoja, na ninasikitika kwamba hakuna aliyekaa nanyi akawaeleza kwa nini kauli hizo zilitofautiana, kwa kuwa maelezo hayo mlistahili kuyapata kabla ya kutia saini ya ridhaa.

Madaktari wale wawili hawakuwa wazembe. Swali lenu liliwahi kuchunguzwa hapa nchini, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, ambako watu wazima 240 waliovunjika muundi kwa namna ya mdogo wako waligawanywa kwa bahati nasibu, baadhi wakawekewa chuma cha ndani na wengine vyuma vya nje, kisha wakafuatiliwa kwa mwaka mzima. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020, na katika madhara makubwa yaliyokuwa yakihesabiwa haikuonekana tofauti ya kutosha kusema kwamba njia moja imeishinda nyingine, ingawa waliowekewa chuma cha ndani walikuwa na nafuu zaidi katika wiki za mwanzo. Kwa hiyo kila daktari alikuwa na msingi wa kusimamia, na mambo kama hali ya kidonda, vifaa vilivyopo na mazoea ya mikono ya daktari mwenyewe huamua mengi.

Sasa nije kwenye zile karatasi. Maoni ya madaktari hayawezi kutuambia tiba ipi inaponya, hata yakikusanywa kwa maelfu. Yanachoweza kutuambia ni mambo mawili: kwamba kazi inafanyika vipi kwa sasa, na kwamba wenye ujuzi wanahitilafiana wapi. Hilo la pili lina uzito mkubwa kuliko linavyoonekana. Mwaka 1987 mwanazuoni wa maadili ya tiba, Benjamin Freedman, alieleza kwamba ni halali kuwapanga wagonjwa kwa bahati nasibu katika tiba mbili pale ambapo jumuiya ya wataalamu, kwa nia njema, haijakubaliana ipi ni bora. Daktari mmoja mmoja anaweza kuwa na upande wake, lakini wataalamu kwa ujumla wao bado wamegawanyika. Huwezi kujua kwamba wamegawanyika bila kuwauliza, na ndiyo maana dodoso lililoandaliwa vizuri mara nyingi hutangulia utafiti mkubwa wa wagonjwa.

Nikupe mfano ninaoupenda kwa sababu unahusu jambo dogo ambalo kila mtu angedhani lilikwisha kuamuliwa zamani: namna ya kuosha kidonda chenye mfupa uliovunjika. Watafiti waliohusiana na Chuo Kikuu cha McMaster, nchini Kanada, waliwauliza madaktari wa upasuaji 984 kutoka nchi mbalimbali wanatumia maji gani, na kwa msukumo wa kiasi gani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Asilimia 70 hivi walisema wanatumia maji ya chumvi peke yake, na wengine wakataja dawa za kuua vijidudu zinazochanganywa ndani yake. Asilimia 71 walisema wanatumia msukumo mdogo. Lakini watafiti walipotazama kwa makini waligundua kwamba madaktari hawakukubaliana hata msukumo mdogo ni upi: alichokiita mmoja kidogo, mwenzake alikiita kikubwa. Waliulizwa pia kama wangebadili mazoea yao iwapo utafiti mkubwa ungeonyesha wazi kwamba kuna njia bora, na asilimia 94 ya waliojibu swali hilo wakasema ndiyo.

Baada ya hapo ndipo wagonjwa walipoombwa kushiriki. Utafiti huo, unaojulikana kwa jina la FLOW, ulifanyika katika hospitali 41 za Marekani, Kanada, Australia, Norwei na India, na matokeo ya wagonjwa 2,447 yakachapishwa mwaka 2015. Waliooshwa kwa maji yaliyotiwa sabuni walirudishwa chumba cha upasuaji mara nyingi zaidi, asilimia 14.8, wakati waliooshwa kwa maji ya chumvi peke yake walikuwa asilimia 11.6. Ama msukumo wa maji, ule mkubwa, mdogo na mdogo kabisa haukuleta tofauti ya maana. Fikiria hilo kwa hospitali ya wilaya isiyo na mashine ya kusukuma maji: mfuko wa dripu ulioning'inizwa juu na kuachwa utiririke wenyewe haukufanya vibaya kuliko mashine ya gharama. Kwenye sabuni, wengi walioulizwa walikuwa njia sahihi. Kwenye msukumo, wengi walikuwa wanashikilia tofauti ambayo haikuwapo. Kwa kuwauliza tu, tusingejua lipi ni lipi.

Muulize daktari wa mdogo wako kwa upole, "Kwa mguu huu hasa, kwa nini umechagua njia hii?" Daktari anayeijua kazi yake hatachukia swali hilo.

*Daktari, ninasomea ubingwa wa upasuaji. Kwa ajili ya tasnifu yangu ninataka kujua madaktari wa nchi hii wanaitumiaje asidi ya traneksamiki kwa majeruhi wanaovuja damu, na wana maoni gani juu yake. Nilikusudia kuweka maswali kwenye kundi letu la WhatsApp, lenye madaktari wengi, lakini msimamizi wangu amesita. Nifanyeje? — Msomaji, Mwanza*

Umechagua jambo zuri, na msimamizi wako ana haki ya kusita. Kwa faida ya wasomaji wengine, hii ni dawa inayosaidia damu iliyoganda isiyeyuke mapema. Utafiti wa CRASH-2, uliotangazwa mwaka 2010, uliwahusisha majeruhi zaidi ya 20,000 katika hospitali 274 za nchi 40, na ukaonyesha kwamba dawa hii hupunguza vifo. Uchambuzi uliofuata ulionyesha kwamba faida hiyo inategemea kuitoa mapema, ndani ya saa 3 tangu mtu aumie, na kwamba baada ya hapo inaweza hata kudhuru. Kwa hiyo wewe hutafuti kujua kama dawa inafaa. Unatafuta kujua kwa nini kitu kinachojulikana kufaa hakimfikii majeruhi kwa wakati, na swali la namna hiyo linahitaji maneno yaliyopimwa.

Anza na kundi la WhatsApp, maana hapo ndipo kazi yako itakapovunjikia. Ukipata majibu 60, utayagawanya kwa ngapi? Katika kundi kuna waliohama nchi, waliostaafu, wenye namba mbili, na wasiofungua ujumbe kwa mwezi mzima. Usipojua ni wangapi waliopaswa kuulizwa, hujui ni sehemu gani imejibu. Zaidi ya hapo, wanaojibu upesi huwa ni wale wanaolipenda jambo lenyewe, na hao ndio wanaoitumia dawa. Utatoka na picha ya nchi ambayo kila mtu anaitumia. Ni heri uandae orodha ya hospitali, za rufaa na za wilaya, upate kwa kila moja majina ya wanaofanya upasuaji wa majeruhi, kisha uchague kwa bahati nasibu, au uwaulize wote kama si wengi. Usiwasahau madaktari wasio mabingwa wanaopokea majeruhi usiku, kwa kuwa saa 3 za mwanzo ziko mikononi mwao zaidi kuliko mikononi mwa bingwa.

Kisha yapime maneno yako. Wale 984 walitufundisha kwamba neno "mdogo" lilikuwa na maana nyingi kuliko watafiti walivyodhani. Katika dodoso lako neno la hatari ni "mapema". Mapema tangu lini? Tangu ajali, au tangu mgonjwa apokelewe mlangoni? Kwa majeruhi aliyesafirishwa kwa muda wa saa 4 kutoka kijijini tofauti hiyo ndiyo kila kitu. Andika "tangu kuumia", halafu uliza kando jinsi wanavyoijua saa ya kuumia pale mgonjwa anapoletwa na msamaria asiyemjua. Usiunganishe mawili katika swali moja, kama "Je, una dawa hii na huitumia?", kwa maana aliye nayo lakini haitumii hatakuwa na mahali pa kuweka alama.

Jambo la tatu ni zito kwangu, kwa sababu nimewahi kulikosea. Nikiwa daktari kijana, katika hospitali moja ya mkoa, nilijaza dodoso lililoniuliza mgonjwa mwenye mvunjiko wenye kidonda huingia chumba cha upasuaji baada ya muda gani. Nikaandika ndani ya saa 6, kwa kuwa ndivyo tulivyofundishwa. Wiki hiyohiyo nilikuwa na kijana aliyesubiri hadi siku ya pili kwa sababu hapakuwa na nguo safi za upasuaji. Sikukusudia kudanganya. Niliandika ninachoamini kuwa sahihi badala ya ninachofanya, na mkuu yeyote aliyesoma majibu yetu angeamini kwamba hospitali ile haihitaji msaada. Hali hii imepimwa: mapitio yaliyochapishwa mwaka 1999, yakilinganisha yale waganga wanayosema na yale yaliyomo katika kumbukumbu, yalikuta kwamba kwa kawaida walijipandisha kwa asilimia 27 hivi katika kufuata miongozo.

Basi usiulize "Huwa unafanya nini?" Uliza kuhusu majeruhi wa mwisho aliyevuja damu uliyempokea: alipewa dawa au la, na kama hakupewa, ni nini kilichozuia. Au mpe daktari kisa kifupi chenye umri, mapigo ya moyo, shinikizo la damu na saa ya ajali, na umwache aseme angefanya nini. Weka nafasi ya "haikuwapo stoo" na "sijui", na usiifanye "sijui" ionekane kuwa aibu. Ukiweza kupitia mafaili ya wagonjwa katika hospitali mbili au tatu tu, fanya hivyo, ulinganishe na majibu. Sehemu hiyo ya tasnifu huenda ikawa na thamani kuliko nyingine zote.

Kabla ya kusambaza, kaa na madaktari watano au sita wasio katika sampuli, wajaze mbele yako huku wakisema kwa sauti wanachofikiri. Utashangaa mahali watakaposita. Dodoso lisizidi muda wa kikombe kimoja cha chai. Watangulizie taarifa, wakumbushe mara mbili au tatu kwa heshima, na katika ripoti yako useme wazi ni wangapi hawakujibu na wanatoka wapi. Kibali cha maadili usikidharau kwa kuwa unawauliza madaktari na si wagonjwa: anayekiri kwamba hospitali yake haina dawa anaweza kupata matatizo kazini. Katika hospitali yenye daktari mmoja wa upasuaji, jina la wilaya pekee linatosha kumtambulisha, hata kama hakuandika jina lake.

*Daktari mwenzangu, mimi ni mpasuaji wa siku nyingi. Kila mwezi ninapelekewa madodoso, mengine ya nchi za mbali yanayoniuliza kuhusu mashine ambazo hatuna. Nimechoka, sasa ninayafuta yote. Je, ninatenda vibaya? — Msomaji, Arusha*

Hapana, ndugu yangu. Kushiriki ni hiari, na mtafiti asiyeeleza anachotafuta, nani amempa kibali na majibu yatakwenda wapi hana haki ya dakika zako ukiwa umetoka zamu ya usiku. Hayo yafute bila kusita.

Ninakuomba uyabakize yale yanayohusu wagonjwa wako, hasa ya vijana wanaosomea ubingwa nchini na ya chuo chetu cha wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilicho hapohapo Arusha. Ukinyamaza wewe unayefanya kazi pasipo mashine, watakaosalia kujibu ni wenye mashine, na miongozo itaandikwa kwa ajili yao. Na ukikuta swali lisilolingana na hali yako, usichague jibu lililo karibu ili tu umalize. Liache wazi, uandike pembeni: "Hapa kifaa hiki hakipo, tunafanya hivi." Mimi husoma pembeni kwanza kila nikipokea dodoso lililojazwa.