Mifupa inauma, mishipa ina chokaa: nimpe mama kalsiamu?

SWALI: Mama anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, huu ni mwaka wa nne. Mifupa inamuuma, na eksirei ya mguu imeonyesha chokaa kwenye mishipa ya damu. Nataka kumnunulia vidonge vya kalsiamu na kumpikia dagaa kila siku. Nakosea?

JIBU: Ndiyo, ingawa nia ni njema. Usimnunulie chochote kabla daktari wake hajaona vipimo vitatu: kalsiamu, fosforasi na homoni ya parathairoidi.

Figo nzima hutoa fosforasi iliyozidi kupitia mkojo, na huiamsha vitamini D ili utumbo ufyonze kalsiamu. Zikishindwa, fosforasi hupanda na kalsiamu ya damu hushuka. Shingoni, nyuma ya thairoidi, kuna tezi nne ndogo kama punje za mchele, ziitwazo parathairoidi. Zikihisi upungufu huo humwaga homoni inayoulazimisha mfupa utoe akiba yake. Lakini mfupa hautoi kalsiamu peke yake. Hutoa na fosforasi, ileile ambayo figo zimeshindwa kuitoa. Mfupa unaliwa, damu inajaa.

Kwenye mishipa, wengi hudhani chokaa hujibandika tu kama ndani ya birika la chai. Kuna zaidi ya hapo. Fosforasi ikizidi, seli za misuli katika ukuta wa ateri hugeuka na kuanza kufanya kazi ya seli za mfupa. Ateri inakakamaa, moyo unasukuma kwa taabu. Kalsiamu ya ziada hapo inaweza kuishia ukutani mwa ateri badala ya kwenye mfupa.

Dagaa huliwa na mifupa yake, kwa hiyo fosforasi ni nyingi. Kila siku hapana. Ila kinachonikera ni kuona maharage yamepigwa marufuku nyumbani huku soseji na soda nyeusi zikiendelea. Fosforasi ya maharage hufyonzwa kwa sehemu tu; ile inayoongezwa kiwandani hufyonzwa karibu yote.

Tena mwulize mama: kliniki wamempa vidonge vya kalsiamu kabonati? Hivyo ni vya kunasa fosforasi ya chakula, basi humezwa katikati ya mlo. Akivimeza tumbo tupu, havinasi kitu, na kalsiamu inaingia kwenye damu. Kama ndivyo anavyofanya, waambie kliniki siku ya kusafishwa inayofuata.