Atarudi, ila msimharakishe

Tanga, Jumapili usiku

Mwanangu,

Sauti uliyonitumia jana nimeisikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilisikia feni tu. Mara ya pili nikatambua kuwa umekaa ngazini ili mkeo asikusikie. Ya tatu ndipo nikayapata maswali yako: umuandae vipi mkeo kwa upasuaji wa kichwa, zikiwa zimebaki wiki tatu, na akishatolewa huo uvimbe, atarudi kuwa yule yule? Nakuandikia kwa sababu kwenye simu nitalia, nawe utasingizia mtandao.

Najua swali la pili ndilo lililokutoa kitandani. Nitalifikia.

Kwa ulivyonisomea majibu ya picha ya MRI, uvimbe wa mkwe wangu ni meninjioma, kama uliokuwa wangu. Jina hilo alilitunga daktari wa Marekani, Harvey Cushing, mwaka 1922. Mimi nililisikia kwa mara ya kwanza mwaka 2009, mwalimu mzima wa baiolojia, niliyekuwa nikichora ubongo ubaoni kila mwaka bila kujua kwamba wangu una mgeni. Uvimbe huu hauoti kwenye nyama ya ubongo yenyewe. Unaota kwenye utando unaoufunika, halafu unausukuma ubongo polepole, miaka na miaka. Mara nyingi si saratani, na wanawake huupata zaidi kuliko wanaume. Ndugu wakianza kuuliza ni nani kamtupia, waambie hivyo, kisha nyamaza.

Wangu ulianza kwa vikombe kunidondoka mkono wa kulia. Kituo kimoja wakanipa dawa za presha, kingine wakanipima miwani, cha tatu wakaniambia nina mawazo. Hayo yalikwenda karibu miaka miwili, mpaka siku nilipoanguka kifafa mbele ya kidato cha pili. Ndipo nikapelekwa Dar kupigwa picha ya CT. Kwa hiyo mkeo, aliyeanguka mara moja tu na uvimbe ukaonekana ungali sentimita 4, usimhurumie kupita kiasi. Kawahi.

Sasa maandalizi. Nunua daftari. Si la kwenye simu, la karatasi. Marehemu baba yako alikuwa nalo moja lenye jalada la kijani, bado ninalo, na ndani yake kuna kila kidonge nilichomeza na saa niliyokimeza. Andikeni humo maswali kabla hamjaingia kwa daktari, maana mkishaketi mbele yake yote hupotea. Muulizeni kama anatarajia kuutoa wote au kuna sehemu imeng'ang'ania mshipa. Muulizeni uko karibu na eneo linalofanya kazi gani, na akiamka ategemee udhaifu wa nini, wa muda au wa kudumu. Na mkiwa mle ndani, mwache mkeo aulize mwenyewe. Baba yako alinijibia kila swali siku ile, mpaka daktari akawa anamtazama yeye, na mimi nikajiona kama mzigo uliopelekwa posta.

Dawa zote anazotumia zitajwe, hata zile zisizo na karatasi. Asipirini na jamii ya diklofenaki huzuia damu kuganda, na daktari atasema ni lini aziache. Vidonge vya vitunguu saumu navyo vitajwe. Mama mkwe wako ni mtu mwema, ila ile chupa yake ya mizizi isinywewe kipindi hiki. Mwambie mimi ndiye niliyekataza, nibebe lawama.

Akianzishiwa deksamethasoni, ambayo manesi huiita deksa, itapunguza kuvimba kwa ubongo kuzunguka ule uvimbe, na maumivu ya kichwa yatapungua mpaka mtaanza kujiuliza kama upasuaji una haja. Una haja. Deksa hiyo hiyo huleta njaa ya ajabu na kukosa usingizi. Mimi nilimaliza mkate wa kumimina peke yangu, saa nane za usiku, nimesimama kabatini. Pia hupandisha sukari, kwa hiyo apimwe. Na asiiache ghafla kwa kuwa anajisikia nafuu. Huteremshwa kidogo kidogo, kwa maelekezo.

Damu haiuzwi, lakini wodini watawaomba ndugu wachangie. Tafuta watu wawili watatu wazima wasiokuwa na homa, waende mapema, msisubiri siku yenyewe mkaanza kupigiana simu.

Mkeo alikuwa na harusi ya mdogo wake juzi, kwa hiyo ana hina. Mwambie asiongeze, na hasa piko nyeusi kwenye kucha isiwepo. Kidoleni watambana kile kidude cha kupima oksijeni, na kinasoma kwa mwanga unaopita kwenye ukucha. Rangi ya kucha itoke pia. Pete, hereni, vyote uvibebe wewe.

Nywele zake ni uamuzi wake. Siku hizi wengi hunyolewa ukanda mwembamba tu kwenye njia ya kisu. Mimi walitaka kuninyoa upande, nikasema nitabaki kama shamba lililoungua nusu. Shangazi yako akanikalisha mkekani uani akanikata zote kwa mkasi, taratibu, huku anaimba. Zile mbili tatu za kwanza zilinitoa machozi. Zilizofuata hata sikuzihesabu.

Huyo huyo shangazi yako, alfajiri ya siku yenyewe, alinifuata wodini na kikombe cha kombe, aya za Qur'ani zilizoandikwa kwa zafarani zikaoshwa kwa maji ya kunywa, zafarani imeiva, kaandikiwa na sheikh wake. Nami tangu usiku nimeambiwa nisile wala nisinywe. Nesi akasimama mlangoni kama askari. Wifi yangu akasema hiki si kinywaji, hii ni Qur'ani. Nesi, naye Mwislamu, akamjibu kwamba tumbo halijui tofauti: mtu akiwa na kitu tumboni na akalazwa kwa dawa ya usingizi, kinaweza kupanda kikaingia mapafuni. Wakakubaliana anipake usoni na mikononi. Nikaingia chumba cha upasuaji nanukia marashi. Nakusimulia kwa sababu jambo hili litakufika kwa sura fulani, na utatakiwa kuwa wewe yule nesi bila kumvunjia mtu heshima.

Saa zenyewe za upasuaji sina la kukueleza, nilikuwa nimelala. Baba yako alisema zilikuwa tano, na kwamba aliwasomea watu wote wa benchi lile Yasin bila kuombwa. Chagua mtu mmoja awe anapokea simu za ukoo. Asiwe wewe.

Akitoka atapelekwa ICU, wodi ya wagonjwa mahututi. Utamkuta na dripu, mpira wa mkojo, bandeji, pengine na kimpira kinachotoa damu chini ya ngozi. Usishtuke akiwa na sauti ya kukwaruza, ni ule mpira wa kupumulia uliopita kooni. Siku ya pili au ya tatu jicho la upande ule linaweza kuvimba likaziba kabisa. Langu lilivimba, baba yako akadhani nimeanguka kitandani. Hupungua lenyewe, kichwa kikiinuliwa kidogo kwenye mto.

Kila saa nesi alinimulika machoni kwa tochi. "Mama, unaitwa nani? Uko wapi? Huu mwaka gani? Nibane vidole. Inua mguu." Mkono wa kushoto ulibana. Wa kulia ulisikia amri ukachelewa, kama mwanafunzi wa nyuma. Mara ya sita nikamwambia, mwanangu, mimi ni mwalimu, mtihani huu umeurudia bila kubadilisha hata swali moja. Akacheka, akaandika kitu kwenye faili. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba kile kinyongo changu ndicho alichokuwa akikitafuta: mgonjwa anayeanza kusinzia kuliko saa iliyopita ndiye anayewakimbiza.

Kuna vitu hakuna aliyeniambia, mwambie mkeo vikiwa bado mbali. Atajipapasa akute vidonda vidogo mbali na mshono. Ni pini za kishikizo kinachokamata kichwa kisicheze. Kutafuna kutauma, kwa sababu msuli wa kwenye panja huenda ukakatwa. Mlainishie chakula. Kipande cha fuvu hurudishwa na kufungwa kwa vibamba na skrubu za titani, na wiki za mwanzo nilikuwa nikigeuka nasikia "tak" ndani ya kichwa, kama kabati linalofungwa chumba cha pili. Ngozi karibu na kovu itakuwa na ganzi, kisha itawasha. Choo kitakuwa kigumu na hatakiwi kujikamua, kwa hiyo aombe dawa ya kulainisha wala asione haya. Atembee mapema, hata hatua kumi, damu isije ikaganda miguuni.

Mkisharudi nyumbani, haya mawili matatu hayangoji kesho asubuhi: maji maangavu yanayotoka kwenye mshono au puani, homa, kichwa kinachozidi huku anatapika, usingizi usioeleweka, kifafa, mkono au mguu kulegea upya, shavu la mguu mmoja kuvimba na kuuma. Nimesema mawili matatu, yamekuwa saba. Yabandike kwenye friji. Dawa za kifafa asiruke hata dozi moja, na gari asiliguse mpaka daktari atamke mwenyewe. Bafuni asijifungie komeo. Ramadhani ikiingia, suala la kufunga alimalizie kwa daktari kwanza.

Nyuzi zitatolewa baada ya wiki moja au mbili. Majibu ya maabara nayo yatakuja kwa wakati wake. Na hapo ndipo watu watakapoanza kusema, "Mashallah, kapona." Wataliona kovu limefunga, wamwone kavaa ushungi wake vizuri, anacheka. Wataanza kumwalika kwenye shughuli. Mwanangu, hapo ndipo swali lako la pili linapoanzia.

Uchovu wa ubongo sio uchovu wa kulima. Mwezi wa tatu niliketi kuchambua mchele kilo moja, kazi ya kuuzoesha mkono wa kulia, nikafika nusu ya ungo nikalala hapo hapo mpaka Alasiri. Maneno yalinitoroka. Nikitaka kijiko nilisema ufunguo, nami nilijua kabisa kuwa nimekosea, na kujua ndiko kulikouma. Watu wawili wakizungumza pamoja nilitamani kukimbia. Na hasira. Nyingine ilikuwa deksa, nyingine dawa za kifafa, maana baadhi yake, kama levetirasetamu, zinaweza kumfanya mtu awe mwepesi wa kukasirika, na hilo huambiwa daktari akabadilisha, haliachiwi liharibu nyumba. Nyingine ilikuwa yangu mwenyewe, ya mtu aliyechoka kushukuriwa kwa kuwa hai.

Ulikuwa na miaka kumi. Uliangusha mfuniko wa sufuria jikoni, ukazunguka sakafuni ule mzunguko wake wa kumalizia, unaokwenda unaharakisha. Kwangu ulikuwa kama umenizungukia ndani ya fuvu. Nilikupigia kelele kwa maneno ambayo sitayaandika. Baba yako kwenye daftari la kijani kaandika hivi tu: "Saa 11 jioni. Kamgombeza mtoto. Saa 12, kalia. Saa 2, dawa."

Kesho yake nilifungua kabati nikakuta kila mfuniko umelalishwa juu ya kitambaa, na kati ya sufuria na sufuria kitambaa kingine. Ulikata fulana yako ya zamani ya shule. Uliendelea hivyo mwaka mzima, ukiosha unafuta, ukifuta unapanga, bila kutoa mlio. Sijawahi kukuambia kwamba niliona.

Kwa hiyo atarudi? Mimi nilirudi darasani baada ya miezi saba, vipindi viwili kwa siku. Kijiko kikarudi kuwa kijiko. Mkono wa kulia unaandika barua hii, ingawa herufi zake si zile za ubaoni, unaziona. Kelele bado sizipendi. MRI ya kufuatilia hufanywa kwanza baada ya miezi kadhaa, kisha kwa vipindi, kwa sababu uvimbe huu unaweza kuota tena, na kila nikiingia kwenye lile bomba tumbo hunicheza. Mkeo wake uko upande wa kulia, huenda maneno yasimsumbue kama mimi. Yatamsumbua mengine. Mwaka wa kwanza usimlinganishe na yule wa kwenye picha ya harusi, hata kimoyomoyo. Atakuona ukilinganisha. Mimi nilimwona baba yako, na alikuwa mtu mpole kuliko wewe.

Usimwambie "si umeshapona." Mwambie alale, uchukue watoto mtoke nje.

Nitapanda basi la asubuhi Alhamisi, siku nne kabla ya mkeo kulazwa pale MOI, taasisi ya mifupa na ubongo ya Muhimbili. Usininunulie nazi za mjini, nitakuja nazo. Daftari la kijani ninalo begini tayari. Nimetafuta kabatini nikakuta vitambaa vinne vya ile fulana, vimechakaa lakini vinafaa. Niambie una sufuria ngapi.

Mama yako