Kabla ya semina ya kuchua misuli, amua kwanza nani ana mamlaka ya kumtoa mchezaji

Mkuu, sitisha ratiba ya Jumamosi. Nimesoma uzi wako hapa jukwaani nikiwa kwenye daladala, nikashuka vituo viwili kabla ya kwangu ili nikae mahali nikujibu vizuri.

Kwa wanaoingia sasa hivi: mleta uzi anafundisha sekondari. Ana wanafunzi kumi na wawili wa kidato cha pili na cha tatu wanaotaka kujifunza kuhudumia wachezaji wanaoumia. Kapata laki nne za vifaa, kuna mtaalamu atawapa semina ya siku moja ya kuchua na kufunga bandeji, na Jumamosi wanaingia kazini kwenye mechi ya ujirani mwema. Anauliza anunue nini, awafundishe nini, wawe na sare au la, na baadaye wanaweza kusomea chuo gani. Halafu mwishoni kabisa kaandika: "kuhusu nani arudi uwanjani, hilo atabaki nalo kocha."

Sentensi hiyo ndiyo iliyonishusha garini. Mimi niliandika hiyo hiyo kwenye daftari la klabu yangu, kwa mkono wangu, na ikamgharimu mtoto wa mtu mwaka mzima wa shule.

Mimi ni mwalimu wa michezo. Wakati huo nilikuwa mlezi wa klabu ya huduma ya kwanza na papo hapo kocha wa timu ya mpira, na sikuona tatizo lolote hapo. Tulikuwa kwenye mechi za wilaya za kuchuja wachezaji wa UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari. Tuko sare ya goli moja moja, kipindi cha pili kimeshachanganya, tumepata kona. Namba sita wangu, kijana wa kidato cha tatu, karuka kupiga kichwa, wakagongana na beki wao. Ule mlio niliusikia nikiwa benchi. Kijana kalala chini, sekunde chache tu, kisha kajiinua mwenyewe. Wanafunzi wangu wawili wa klabu wakakimbilia na begi. Wakafanya kila walichofundishwa: wakampulizia dawa kwenye paji la uso, wakammwagia maji ya baridi shingoni, wakamchua mabega. Kwa macho ya mtu wa pembeni, kazi safi kabisa.

Mmoja wao, binti wa kidato cha pili, akaja mbio hadi benchi. "Mwalimu, samahani. Kaniuliza kama tumeshaenda mapumziko. Nimemjibu, kaniuliza tena."

Mkuu, huyu binti alikuwa ameshauona ugonjwa. Hakuna daktari uwanjani, hakuna mashine, mtoto wa miaka kumi na tano kauona kwa masikio yake. Nami nikamwambia arudi kwenye nafasi yake. Nikamwita kijana pembeni ya mstari: "Uko sawa?" "Niko sawa Mwalimu." Akanyanyua dole gumba. Nikamruhusu kurudi.

Akacheza karibu robo saa. Mara mbili kawapa wapinzani mpira bila hata kubanwa. Nikamfokea. Baadaye kapiga magoti kwenye mstari, katapika. Hata hapo, mtu mzima mwenzangu akasema ni jua hilo, mpeni glukosi. Tukampa glukosi! Kwenye basi akalala. Yule binti alikaa naye siti moja, kila baada ya muda anamtikisa, mpaka akapiga kelele toka nyuma: "Mwalimu, hataki kuamka!" Dereva akakata kona kuelekea hospitali ya wilaya, na usiku ule ule gari la wagonjwa likampeleka hospitali ya rufaa.

Yuko hai. Hakupasuliwa. Lakini kwa miezi mwanga wa dirishani ulimuumiza kichwa, ubao hakuweza kuutazama kipindi kizima, na mambo aliyosoma jioni asubuhi hayapo. Mtihani wa mwisho wa mwaka hakufanya. Alirudia kidato cha tatu na wadogo zake. Mama yake alikuja shuleni, akakaa kwenye benchi la nje ya ofisi, hakupandisha sauti. Aliniuliza swali moja tu: "Mwalimu, nani alimruhusu arudi uwanjani?"

Ndiyo maana sentensi yako nimeishika koo.

Sasa nije kwa yule "mtaalamu" wangu, maana wa kwako anatangaza semina inayofanana naye neno kwa neno. Alikuja na fulana yenye nembo, sanduku la dawa za kupuliza za kuuza na vyeti vimeshachapishwa tayari. Nusu siku nzima alifundisha kuchua mapaja na kufunga bandeji za kupendeza machoni. Kichwa hakukitaja. Shingo hakuitaja. Moyo hakuutaja. Na akawaachia watoto maneno ambayo waliyaandika ukutani kwenye chumba cha klabu: "Kazi yenu ni kumrudisha mchezaji uwanjani." Nimemkasirikia mtu yule mpaka leo na sitajifanya nimesamehe. Huwezi kuchukua pesa ya shule, ukawapa watoto kazi ya kufuta maumivu, halafu ukaondoka bila kuwaambia kwamba maumivu ndiyo taarifa yenyewe. Dawa ya kupuliza inapoza ngozi na kuficha maumivu kwa dakika chache. Haiponyi chochote. Mchezaji aliyepuliziwa anakanyagia jeraha lile lile akidhani limeondoka.

Mtikisiko wa ubongo ndio nitakaokaa nao, wengine wataniwia radhi. Si lazima mtu azimie. Wengi hawazimii. Ubongo umetikiswa ndani ya fuvu, kwa nje huoni hata mchubuko. Unachokiona ni tabia: kauliza swali lile lile, kaduwaa, anapepesuka, anaona mawili mawili, analalamika mwanga, anatapika, analia au kukasirika bila sababu, kasahau upande tunaofungia. Moja tu kati ya hizo baada ya kugongwa, basi siku hiyo kwake imekwisha. Akitapika tena na tena, usingizi ukamzidi, akapata degedege, mkono au mguu ukakosa nguvu, au shingo ikamuuma, hiyo ni hospitali sasa hivi, na mwenye maumivu ya shingo asinyanyuliwe mikono na miguu kama gunia.

Na usimuulize "uko sawa?" Atakwambia yuko sawa. Fainali ya Kombe la Dunia 2014 pale uwanja wa Maracanã, Brazil, Christoph Kramer wa Ujerumani aligongwa kichwani dakika ya 17 akaendelea kucheza. Akamfuata refa Nicola Rizzoli kumuuliza kama ile mechi ni fainali. Alitolewa dakika ya 31. Mtu mzima, ana madaktari pembeni, dunia nzima inamtazama, kacheza dakika kumi na nne hajui yuko wapi. Wewe unategemea kocha wa shule, aliye kwenye sare ya goli moja moja, amuulize kijana wa miaka kumi na saba na aambiwe ukweli?

Muulize vitu vya pale pale: huu ni uwanja gani, hiki ni kipindi cha ngapi, nani kafunga goli la mwisho, mechi iliyopita tulicheza na nani. Akikosa, nje. Akipata yote lakini umemwona amepepesuka, bado nje. Maswali ni ya kumtoa mtu, si ya kumrudishia kibali.

Kwa nini nang'ang'ania siku ile ile? Kwa sababu ubongo uliotikiswa ukigongwa tena kabla haujapona unaweza kuvimba vibaya mno, na wanaoongoza kwa hatari hiyo ni vijana wa umri wa wanafunzi wetu. Marekani, jimbo la Washington, mwaka 2006 kijana wa miaka 13 aitwaye Zackery Lystedt aligongwa kichwa kwenye mechi ya shule, akapumzika kidogo, akarudishwa, na mechi ilipoisha akaanguka. Ubongo ulikuwa unavuja damu. Ilimchukua miaka kujifunza upya kuongea na kusimama. Mwaka 2009 jimbo lile likapitisha sheria yenye jina lake: kijana anayeshukiwa tu, nasema anayeshukiwa tu, anatolewa, na harudi mpaka mtaalamu wa afya aandike kwa maandishi. Kufikia 2014 majimbo yote 50 yalikuwa na sheria ya namna hiyo.

Kanuni yangu ni hii, na ndiyo pekee nitakayokuomba uipigie chapa: mwanafunzi wa klabu akisema mchezaji atoke, mchezaji anatoka, na hakuna mtu uwanjani mwenye uwezo wa kumrudisha siku hiyo. Kocha hana. Mkuu wa shule hana. Mzazi hana. Mwanafunzi huyo huyo naye hana.

Angalia vizuri hapo mwishoni. Marekani kazi hii ya kuhudumia wachezaji wanaoumia ni taaluma kamili, chama cha wataalamu wake, NATA, kipo tangu 1950, na msimamo wao ni kwamba wanafunzi wasaidizi hawapimi jeraha wala kuamua nani arudi mchezoni. Nakubaliana nao asilimia mia. Mtoto hapaswi kubeba uamuzi wa kumrudisha mtu. Lakini kumtoa anaweza, maana akikosea kwa kumtoa tumepoteza mchezaji dakika thelathini. Akikosea kwa kumrudisha, mimi nimekwisha kukwambia nani atakaa kwenye benchi la nje ya ofisi.

Tulivyofanya kwetu: mkuu wa shule alisaini karatasi. Mwanafunzi wa zamu anavaa kitambaa cha njano mkononi. Kabla ya mechi tunawaita refa, makocha wote wawili na manahodha, tunawaonyesha kitambaa, tunawasomea karatasi. Marefa hawajawahi kutusumbua, maana sheria ya tano ya mpira yenyewe inawataka wasimamishe mchezo mtu akiumia vibaya. Wanaosumbua ni sisi makocha.

Mwaka uliofuata yule binti alimtoa mshambuliaji wangu tukiwa nyuma 2–1, zimebaki dakika ishirini. Kagongwa kiwiko cha sikio, kasimama, kaanza kukimbia kuelekea goli letu. Binti kanyanyua mkono. Mashabiki wakamzomea, mzazi mmoja akaja hadi benchi kuniambia namwachia mtoto wa kike aendeshe timu. Nikakaa kimya, nikafanya badiliko. Tukafungwa. Kesho yake kijana kaamka mzima kabisa, na watu wakaniambia si unaona, hakuwa na kitu. Sawa. Hata hivyo alipumzika siku mbili, akaanza na darasani kwanza, kisha kutembea, kukimbia, mpira peke yake, hatua moja kwa siku, na mazoezi ya kugombania mpira na wenzake hakuyagusa mpaka daktari wa kituo cha afya alipomwandikia.

Vifaa, haraka haraka. Dawa za kupuliza acha dukani. Nunua glavu nyingi, pamba na gozi za vidonda, bandeji za kuvuta, vitambaa vya pembetatu, mkasi. Barafu chukua kwa mama anayeuza barafu karibu na shule, weka kwenye ndoo yenye mfuniko. Pesa inayobaki iwe ya usafiri, na namba ya dereva wa bajaji au gari iandikwe kwenye begi kwa maandishi makubwa. Mguu ukiteguka: kaa chini, barafu iliyozungushiwa kitambaa, bandeji, nyanyua. Akishindwa kukanyaga hatua nne, au mfupa ukiuma ukibonyezwa, aende kupigwa picha ya X-ray. Na uwapige marufuku kuchua au kukanda kwa maji ya moto jeraha la siku hiyo. Najua nyumbani wote tumekandwa na bibi zetu kwa maji ya chumvi. Jeraha bichi likikandwa linazidi kuvimba, na kama kuna ufa kwenye mfupa unausaga.

Hiyo siku moja ya semina waombe watu wa Msalaba Mwekundu waje kufundisha kugandamiza kifua. Mchezaji akianguka bila kuguswa na mtu, hajibu, hapumui kawaida, ni moyo huo: katikati ya kifua, kwa nguvu, kina cha sentimita tano hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kusubiri mtu mkubwa aje. Fabrice Muamba, mchezaji wa Bolton ya Uingereza, mzaliwa wa Kinshasa, alianguka hivyo uwanja wa White Hart Lane, London, Machi 2012, moyo ukakaa dakika 78 bila kupiga wenyewe, na bado yuko nasi kwa sababu watu walianza kugandamiza pale pale kwenye nyasi.

Sare sijui, vaeni chochote. Kuhusu vyuo, fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, inafundishwa hospitali ya KCMC Moshi, na yule binti wangu sasa yuko kidato cha sita anachukua PCB (fizikia, kemia na baiolojia) akiitazama Moshi hiyo hiyo. Mengine uliyouliza watakujibu wadau.

Ila Jumamosi ni keshokutwa. Kesho asubuhi kabla ya paredi, mpelekee mkuu wa shule karatasi yenye maneno haya: "Mwanafunzi wa huduma ya kwanza aliyevaa kitambaa cha njano ana mamlaka ya kumtoa mchezaji yeyote anayeshukiwa kuumia. Aliyetolewa harudi siku hiyo." Asaini, apige muhuri, umkabidhi kocha nakala mkononi mwake, mbele ya wanafunzi. Akikataa kusaini, mechi isichezwe na klabu yako. Nitakuwa hapa jukwaani usiku, niambie kasemaje.